Kwa nini “Uhuru Afrika” ya Randy Weston haionekani madukani?

Swali: “Habari za kazi, mtaalamu. Marehemu mjomba wangu aliacha kasha la santuri hapa Mombasa. Ndani nimekuta moja ya Randy Weston iitwayo ‘Uhuru Afrika’. Jalada lina ukungu pembeni, lakini sahani yenyewe bado inaimba. Nilishtuka kusikia mtu akighani shairi kwa Kiswahili safi katikati ya jazi ya Marekani. Nimetafuta toleo jipya dukani na sijalipata. Rafiki yangu mmoja ananiambia kitu kizuri hakipotei, kwa hiyo kama haitolewi tena basi haikuwa na maana. Wa pili anasema kanda zake ziliungua Marekani. Wa tatu anataka tuichape wenyewe nakala 300 tuuze, maana imepita miaka 60 na haina mwenyewe. Tena kasha lina kanda mbili za rili, na mtandaoni nimesoma eti niziweke kwenye oveni kabla ya kuzipiga. Nimfuate nani?”

Jibu:

Pole kwa msiba, na ahsante kwa kutolitupa kasha. Nianze na majibu mafupi. Rafiki wa kwanza amekosea. Wa pili anachanganya mambo mawili. Wa tatu ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoweza kuwatia matatani. Oveni usiiguse mpaka usome jibu hili hadi mwisho.

Kwanza, ujue ulichokishika. “Uhuru Afrika” ilirekodiwa New York mwezi Novemba 1960, mwaka mmoja na ushei kabla bendera ya Tanganyika kupandishwa. Weston, mpiga piano Mmarekani, alitunga muziki, Melba Liston akaupanga kwa ajili ya bendi kubwa, na mshairi Langston Hughes akaandika maneno. Sauti ya Kiswahili iliyokushtua ni ya Tuntemeke Sanga, Mtanganyika. Sehemu zake zina majina kama “Uhuru Kwanza”, “Bantu” na “Kucheza Blues”. Waliopiga ni watu wa daraja la juu: Clark Terry na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Yusef Lateef kwenye saksafoni na filimbi, Ron Carter kwenye besi, Max Roach kwenye ngoma, na Babatunde Olatunji wa Nigeria akiongoza midundo. Mwaka 1964 serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku. Santuri isiyo na maana haipigwi marufuku.

Rafiki yako anaamini kizuri chajiuza. Kwa maembe ni kweli. Kwa santuri, hata kizuri hakijiuzi mpaka awepo mtu mwenye haki ya kukiuza, mwenye kanda, na mwenye sababu ya kutoa fedha mfukoni. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, albamu inalala hata kama kila mpiga tarumbeta duniani anaisifu.

Ushahidi ulio karibu nasi ni ule mkondo wa jazi uliojaa Kiswahili miaka ya mwanzo ya 1970. Kundi la mpiga piano Herbie Hancock lilikuwa na majina ya Kiswahili: yeye Mwandishi, Buster Williams Mchezaji, Eddie Henderson Mganga, Billy Hart Jabali, Julian Priester Pepo Mtoto, Bennie Maupin Mwile. Albamu zao “Mwandishi” (1971) na “Crossings” (1972) zilitoka Warner, na “Sextant” (1973) ikatoka Columbia. Muziki wenyewe ni mgumu, vipande virefu, vyombo vya umeme vinavyolia kama mitambo, na wakati ule haukuuzika sana. Hata hivyo zimetolewa upya mara nyingi. Sasa chukua “Kawaida”, iliyorekodiwa Desemba 1969 chini ya jina la mpiga ngoma Albert Heath, aliyejiita Kuumba. Hancock huyo huyo yumo, Don Cherry yumo, na vipande vinaitwa “Baraka”, “Maulana”, “Kawaida”, “Dunia” na “Kamili”. Ilitoka mwaka 1970 kwenye lebo ndogo iitwayo O’Be, na kwa miaka mingi imekuwa kitu cha kusimuliwa na wakusanyaji. Mpiga piano ni yule yule, miaka ni ile ile, hata lugha ya majina ni moja. Tofauti ni kwamba albamu moja ilizaliwa kwenye kampuni kubwa yenye ghala, wanasheria na jina la kuuzia, na nyingine haikuzaliwa humo.

Mfano wa pili ni wa kusikitisha zaidi. Mpiga saksafoni Tina Brooks alirekodi vipindi vinne vya studio, kila kimoja cha kutosha albamu, kama kiongozi kwa kampuni ya Blue Note kati ya 1958 na 1961. Kilichotoka akiwa hai ni kimoja tu, “True Blue”. Kingine, “Back to the Tracks”, kilikwisha kupewa namba na jalada, kisha kikarudishwa kabatini. Brooks alifariki mwaka 1974. Mwaka 1985 kampuni ya Mosaic ilipokusanya vipindi vyote vinne kwenye kasha moja, wasikilizaji wakauliza mtu huyu alikuwa amefichwa wapi.

Tuje kwenye chanzo kikuu, yaani nani anamiliki nini. Kampuni za jazi za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa ndogo, na nyingi zilimezwa na kubwa kisha zikauzwa tena. Riverside ilifilisika mwaka 1964. Fantasy ya California ilizinunua Prestige mwaka 1971 na Riverside mwaka 1972, na Fantasy nayo ikanunuliwa na Concord mwaka 2004. Hawa ndio waliobahatika, kwa sababu katalogi zao zilihama nzima na zikawekwa pamoja. Ndiyo maana albamu za Prestige hazikauki madukani.

Roulette, kampuni iliyotoa santuri yako, ilipita njia yenye makorongo. Ilianzishwa mwaka 1957, ikauzwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na jazi yake ikaangukia EMI. EMI ndiyo iliyokuwa pia na Blue Note, kwa hiyo watu wa Blue Note waliweza kuingia ghalani na kutoa kanda za Roulette. Enzi hiyo “Uhuru Afrika” ilitoka kwenye CD pamoja na “Highlife” ya mwaka 1963. Mwaka 2003 Mosaic nayo ikaiweka kwenye kasha la Weston la idadi maalumu. Kwa hiyo si kweli kwamba haijawahi kutolewa upya. Ilitolewa, ikaisha. Mwaka 2012 Universal ilinunua EMI, na Tume ya Ulaya ikailazimisha iuze sehemu ya kampuni hiyo ili isimeze soko zima. Sehemu hiyo, Parlophone, ilinunuliwa na Warner mwaka 2013, na Roulette ikaenda nayo huku Blue Note ikibaki Universal. Mabingwa wa kutoa upya jazi ya zamani wakabaki nyumba moja, kanda zikahamia nyumba nyingine. Tangu hapo anayeitaka lazima aombe leseni kwa jirani, na jirani ana maelfu ya albamu za roki na pop zinazolipa haraka zaidi.

Leseni nayo ina muda na idadi. Kampuni kama Mosaic hupewa ruhusa ya nakala kadhaa kwa miaka kadhaa, na zikiisha haki zinarudi kwa mwenyewe. Mtu akiona kasha la 2003 limepanda bei anadhani kuna anayezificha nakala. Hakuna anayezificha. Mkataba ulikwisha tu.

Kuna mkanganyiko wa aina nyingine, unaotokana na nia njema. Wanamuziki Charles Tolliver na Stanley Cowell walianzisha kampuni ya Strata-East mwaka 1971 ili mwanamuziki asinyang’anywe kazi yake. Mwanamuziki alileta kanda iliyokamilika, kampuni ikaichapa na kuisambaza, na umiliki ukabaki kwake. James Mtume alitoa huko “Alkebu-Lan” mwaka 1972, iliyorekodiwa Brooklyn mbele ya watu. Mpango wa haki kabisa, na bado matokeo yake baada ya miaka 50 ni kwamba anayetaka kutoa katalogi nzima hana mlango mmoja wa kubisha. Ana milango mingi, na baadhi ya wenye nyumba wametangulia mbele ya haki: Cowell alifariki 2020, Mtume 2022. Panapokuwa na warithi watatu wasioelewana, albamu inasubiri wapatane. Kwa miaka mingi nyingi zilipatikana kwa leseni za Japan na Uingereza tu. Ni mwaka 2025 kampuni ya Mack Avenue ilipoanza kuzirudisha kwa mpangilio, na kuziweka kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni.

Sasa hesabu, maana hata mwenye haki zote huanza na kalamu. Gharama za kukata sahani mama, kutengeneza mihuri ya chuma na kupata nakala za majaribio ni zile zile kama unachapa 300 au 3,000, na viwanda vingi havikubali oda iliyo chini ya nakala 300 hivi. Mwezi Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters huko Banning, California, kiliungua. Kilikuwa kimoja kati ya viwili tu duniani vilivyotengeneza sahani za laka zinazotumika kukatia, na kingine kiko Japan. Foleni ikawa ndefu, na kwenye foleni albamu ya jazi ya nakala 500 haimpiti mwimbaji wa pop wa nakala 200,000.

Halafu kuna mrabaha wa mtunzi, ambao huumiza jazi kuliko muziki mwingine. Marekani, kiwango cha mwaka 2023 kwa kila wimbo kwenye kila nakala kilikuwa senti 12 za dola, au senti 2.31 kwa kila dakika ikiwa wimbo unazidi dakika tano. Kipande kimoja cha jazi cha dakika 20 kinadai zaidi ya senti 46 kwa kila nakala, peke yake, kabla hujalipa mwenye rekodi, kiwanda, jalada na usafiri. Mtunzi anastahili, hilo halina mjadala. Ila mhasibu akiliona karatasini hufunga faili.

Kuhusu moto. Rafiki yako amesikia habari za kweli na kuzibandika pasipo pake. Februari 1978 ghala la kampuni ya muziki ya Atlantic liliungua Long Branch, New Jersey, na kilichoteketea zaidi kilikuwa kanda za vipindi ambavyo havijawahi kutolewa. Tarehe 1 Juni 2008 ghala la Universal liliungua Hollywood, na kanda za Impulse!, kampuni iliyotoa albamu za mpiga saksafoni John Coltrane, zikatajwa miongoni mwa zilizoguswa, ingawa kampuni ilibisha kuhusu ukubwa wa hasara. Lakini fanya hesabu ya miaka: mwaka 2008 jazi ya Roulette ilikuwa mali ya EMI, na Universal haikuinunua EMI mpaka 2012. Tena Coltrane bado anauzwa kila mahali, kwa sababu kampuni huweka nakala za akiba za kanda mama, yaani kanda ya asili ya studio, sehemu nyingine. Moto hupunguza ubora wa toleo jipya na hufuta kabisa yale ambayo hayakutoka. Ni mara chache unakuwa sababu ya albamu iliyokwisha kuchapwa kutoweka. Hata kanda yote ikipotea, fundi mzuri anaweza kutoa toleo kutoka kwenye santuri safi kama ya mjomba wako.

Rafiki wa tatu sasa. “Imepita miaka 60, haina mwenyewe.” Hapa lazima utenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku: rekodi, yaani sauti iliyonaswa, na utunzi, yaani wimbo na maneno. Kila kimoja kina muda wake, na muda hutofautiana nchi kwa nchi.

Kwa rekodi, Ulaya ilikuwa na kinga ya miaka 50, ikaongezwa kuwa 70 kuanzia Novemba 2013, lakini zilizokwisha kuwa huru hazikurudishwa kifungoni. Kilichotoka kabla ya 1963 kimebaki huru. Ndiyo maana kuna lebo nyingi za Ulaya zinazochapa jazi ya 1955 hadi 1962 kwa bei ya chini, bila kumwomba mwenye kanda. “Uhuru Afrika” imo kwenye dirisha hilo. Kenya nayo inahesabu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka wa kurekodi, kwa hiyo hapa kwenu rekodi ilikwisha muda mwisho wa 2010. Marekani ni kinyume kabisa: rekodi zote za kuanzia 1957 hadi 14 Februari 1972 zinalindwa mpaka tarehe 15 Februari 2067.

Utunzi ni jambo jingine. Weston alifariki Septemba 2018. Kwa sheria ya Kenya, maisha ya mtunzi na miaka 50 juu yake, muziki wake una wenyewe mpaka mwisho wa 2068. Ulaya ni miaka 70, kwa hiyo 2088. Nakala 300 zenu zingehitaji leseni ya utunzi hata kama rekodi ni huru, na mkiuza moja tu kwa mteja wa Marekani mmevunja haki ya rekodi pia. Kuiweka YouTube ni vivyo hivyo: ukipakia Mombasa, inasikika Chicago, na mfumo wao huitambua na kuizuia au kumpa mwenyewe mapato.

Je, ununue zile za bei nafuu za Ulaya? Nitakuwa mkweli: kwa kusikiliza tu si haramu pale zinapouzwa kihalali, na mara nyingine ndizo pekee zilizopo. Lakini nyingi zimetolewa kwenye CD au santuri ya mtu mwingine badala ya kanda, sauti imesuguliwa mpaka matoazi yamekuwa butu, na familia ya mwanamuziki haipati kitu kwenye rekodi. Kulitambua toleo lenye leseni, geuza jalada usome chini kabisa. Tafuta mstari unaomtaja mwenye haki na kusema limetolewa kwa ruhusa yake, jina la fundi aliyetayarisha sauti, na maelezo ya chanzo kama ni kanda mama au nakala yake. Likikaa kimya kuhusu yote matatu, umeshapata jibu. Ukitaka sauti bora kwa gharama ndogo, tafuta CD ya zamani iliyotumika kabla ya kukimbilia santuri mpya.

Ukiona nia ya kuichapa haiishi, anza kwa barua, si kwa kiwanda. Piga picha lebo ya katikati na zile herufi na namba zilizochongwa kwenye sehemu tupu karibu na lebo. Toleo la kwanza lina namba R 65001 kwa mono na SR 65001 kwa stirio. Watafute wachapishaji wa utunzi kwenye daftari za umma za BMI na ASCAP, vyama vya Marekani vinavyokusanya malipo ya watunzi, kisha mwandikie Warner kitengo cha leseni ukitaja namba hiyo, idadi, nchi mtakazouza na muda. Kabla ya kusaini au kulipa chochote, kaa ana kwa ana na wakili wa hakimiliki na uulize KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Msomaji aliye Tanzania Bara aende COSOTA, wa Zanzibar COSOZA, ofisi za hakimiliki za huko.

Sasa santuri yenyewe, maana ukungu wa pwani hausubiri wanasheria. Vaa barakoa, ufanyie kazi nje. Chukua maji yaliyochujwa kwa mvuke lita moja na matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato, kitambaa laini kisichotoa nyuzi, na ufute kwa kufuata mzunguko wa mistari, kamwe usikate katikati. Lebo isilowe. Suuza kwa maji yale yale yasiyo na sabuni, simamisha ikauke kivulini, kisha uitie kwenye bahasha mpya ya ndani, usiirudishe kwenye ile yenye ukungu. Kama kwenye kasha kuna sahani nzito za 78, usizipake spiriti, itazila. Santuri yako usiipige kwenye kile kigramafoni cha sanduku kinachouzwa kama pambo. Sindano yake hukandamiza kwa gramu tano au zaidi, wakati mkono wa maana hukandamiza gramu moja na nusu hadi mbili. Ukiinakili kwenye kompyuta, tumia biti 24 na kilohertz 96, acha nafasi ya desibeli 6 juu, na uhifadhi faili ghafi kabla ya kusafisha mikwaruzo. Kwa mono, unganisha chaneli mbili ziwe moja, kelele nyingi itapungua yenyewe.

Kuhusu oveni: ushauri ule unahusu kanda za katikati ya miaka ya 1970 hadi miaka ya 1980, hasa za Ampex, ambazo gundi yake hunyonya unyevu na kunata kwenye mashine. Hizo mafundi huzipasha kwenye joto la nyuzi 54 za Selsiasi hivi kwa saa nane au zaidi, kwenye kifaa chenye joto tulivu, si oveni ya keki. Kanda za miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 nyingi ni za asetati, na ukizipasha unaziua. Inua rili mbele ya taa: mwanga ukipenya ubavuni mwa kanda, ni asetati. Ikinuka kama siki, imeanza kuoza, itenge na zingine. Kwa vyovyote usiirudishe nyuma kwa kasi ili tu kuona kama inafanya kazi. Ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya rili iliyosafishwa vichwa na kupimwa, ukae naye wakati anainakili, kwa sababu kanda iliyokauka huenda ikapita mara moja tu. Na kabla ya kutoka nyumbani, nakili kila neno mjomba aliloandika kwenye maboksi ya hizo rili.